Simu Kumi na Moja za Mombasa

Nilipoanza kazi katika afisi ndogo ya simu pale Konde, Pemba, kitu cha kwanza nilichofundishwa kilikuwa kuandika. Kuunganisha simu nilifundishwa wiki ya pili. Mkubwa wangu wa kazi alinikalisha mbele ya daftari refu lenye jalada jeusi, akanionesha safu zake: tarehe, jina la anayepiga, kijiji chake, nambari anayoitaka, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Akaniambia kwamba simu isiyoandikwa ni simu iliyoibiwa.

Afisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Ukutani ilikuwapo bodi ya kuunganishia, yenye matundu na waya, mbele yake kiti changu. Upande wa pili wa meza kulikuwa na benchi la wateja na kibanda cha mbao ambamo mtu aliingia kuzungumza. Aliyetaka simu ya mbali alinipa jina na nambari, mie nikaita afisi kubwa ya Wete, Wete wakaita kwengine, naye akakaa kwenye benchi kusubiri. Mara nyengine alisubiri kutoka adhuhuri hadi alasiri, na hapo laini ikipatikana sauti ilikuja kama inatoka ndani ya kisima.

Mkubwa wangu alikuwa mzee mwembamba, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Sitaki kumfanya shujaa, maana hakuwa. Alikuwa mtu wa karatasi. Alifuta mikono yake kwa kitambaa kabla hajagusa daftari, na kikombe cha chai hakikuruhusiwa juu ya meza. Ndani ya mlango wa kabati alikuwa amebandika ukurasa wa kanuni za kazi, umeshakuwa rangi ya majani makavu. Kanuni moja ilisema daftari lisisomwe na mtu wa nje ila kwa barua ya hakimu, na barua hiyo ihifadhiwe. Nyengine ilisema mfanyakazi akishahakikisha watu wawili wanasikilizana, aondoe sikio lake kwenye laini. Nilizisoma kama mtu anavyosoma tangazo la kukataza kutema mate.

Hiyo ya pili niliivunja mara nyingi. Mwanzo kwa sababu ya kazi, kwani laini zilikuwa mbovu na zilikatika ovyo. Baadaye kwa sababu nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimekaa peke yangu na waya siku nzima, na maisha ya watu yakinipita sikioni.

Hapo ndipo mwalimu anapoingia. Alikuwa amenisomesha hesabu, na wakati ule alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya kijiji chetu. Alikuja kwa baskeli baada ya vipindi, kofia yake imelowa jasho, akanisalimia kwa upole ule ule wa darasani, akanipa nambari ya Mombasa. Ndani ya kibanda alisimama amegeuzia uso ukutani. Siku ya kwanza laini ilikuwa na mvumo, nikabaki nasikiliza nione kama imeshika. Nikamsikia mwanamke analia. Alikuwa akisema kwamba chini ya kitanda mna watu wanamwita kwa jina la mtoto wake aliyekufa, na kwamba dada yake hataki kuwatoa. Mwalimu akawa anamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, asome Kul-audhu, sura za kujikinga, pamoja naye. Wakasoma. Ilikuwa sauti ya mkewe. Kijijini tulijua sote kwamba mke wa mwalimu amekwenda Mombasa kumsaidia dadake aliyejifungua.

Niliondoa sikio, lakini si mara moja. Mwezi ule alipiga mara kumi na moja, na kila mara niliandika.

Ulikuwa mwaka wa baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Aliyekuwapo Pemba hahitaji kuelezwa, na asiyekuwapo nitamwambia kidogo tu. Watu waliacha kuzikana. Duka hili lilikuwa la chama hiki na lile la chama kile, na mjomba wangu hakuingia nyumbani kwetu kwa sababu baba yangu alipiga kura upande asioutaka yeye. Watu kadhaa waliondoka kimya kimya kwenda Mombasa, na kila aliyebaki nyuma akiwa na mtu wake huko alitazamwa kwa shaka.

Katikati ya hayo macho ya mkubwa wangu yakaingia ukungu. Alitakiwa aende Unguja kupasuliwa, moja baada ya jengine, na akaniachia afisi. Funguo ya kabati aliitundika kwenye msumari ilipokuwa siku zote, akaniusia nisitie mate kidoleni ninapofunua kurasa.

Wiki ya pili baada ya kuondoka kwake alikuja mtu kutoka Wete. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, akatoa salamu vizuri, akaniuliza hali ya baba yangu na mguu wake, kwa kumtaja. Akasema amesikia kwamba mie bado ni mfanyakazi wa muda, na kwamba anamuomba Mungu nithibitishwe, kwani vijana wa kike wenye kazi ni wachache. Kisha akanionesha kitambulisho cha afisi ya usalama na akaomba daftari.

Nilimuuliza kuhusu barua ya hakimu.

"Barua ipo njiani," akasema. "Weye nipe daftari, barua itakukuta hapa hapa."

Nilimpa. Ningependa kuandika kwamba nilisita sana, au kwamba alinitisha, lakini hakunitisha na mie sikusita kwa muda wa kutosha kuitwa kusita. Alisema kwa adabu, na mie nilizoea kumpa mtu mwenye adabu anachokitaka.

Alikaa kwenye kiti cha mkubwa wangu akasoma mpaka adhana ya adhuhuri. Alkhamisi iliyofuata akarudi. Mara ya tatu akachoka kusoma, akaniomba nimnakilie simu zote za Mombasa na za Arabuni, majina na nambari na urefu wa mazungumzo. Nilinakili kurasa nne. Alinisifu mwandiko. Barua haikuja, na mara ya nne sikuiulizia tena.

Nilijipa moyo kwa hoja niliyoiona ni ya nguvu. Nilijiambia kwamba sikutoa siri ya mtu. Maneno ya watu sikumpa, nilimpa nani kampigia nani na kwa dakika ngapi, basi. Sikujua bado kwamba karatasi isiyo na maneno inamruhusu anayeisoma aweke maneno yake mwenyewe.

Jumatatu moja mwalimu aliitwa Wete. Hakurudi siku ile wala ya pili. Habari niliipata kwa mama, aliyeipata kisimani. Watu walisema amekamatwa kwa kupeleka habari kwa waliokimbia. Alirudi Ijumaa, na kidogo kidogo yaliyompata yakajulikana. Walikuwa wamemwekea karatasi mezani. Walimuuliza ana nani Mombasa wa kumpigia mara kumi na moja kwa mwezi mmoja. Akajibu kwamba ni watu wake. Walimuuliza wanazungumza nini, akasema ni ya nyumbani. Akaulizwa ya nyumbani yepi, akanyamaza. Nao walikuwa wameshauliza kijijini, wakaambiwa mkewe amekwenda kulea mtoto wa dadake. Wakauliza Mombasa, wakaambiwa dada huyo hakuzaa mwaka ule. Kwa hiyo walikuwa na orodha, na walikuwa na uongo, na mtu aliyekataa kuueleza. Wiki iliyofuata alipewa barua ya kuondolewa skuli mpaka uchunguzi umalizike.

Nilijua kwamba sentensi moja tu kutoka kwangu ingemuokoa. Mkewe anaumwa akili, anampigia kumtuliza. Lakini ningejuaje jambo hilo kama sikusikiliza? Na likishasemwa katika afisi moja ya Wete, kabla ya alasiri lingekuwa limefika Konde, na mwanamke yule angerudi kijijini kukuta jina jipya linamngojea mlangoni.

Alkhamisi yule mtu akaja kama kawaida. Nilikuwa naunganisha simu, akasubiri nimalize. Kisha akaniuliza kama namjua mwalimu.

"Alinisomesha," nikasema.

"Akizungumza nini na Mombasa?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya waya. Nikamjibu, "Siye hatusikilizi. Kanuni haziruhusu."

Akanitazama kidogo, akasema vyema, akachukua karatasi zake. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi. Kanuni ile ile niliyoivunja kila siku nilijifunika nayo siku moja niliyotakiwa kusema, na ile nyengine, ambayo ingemlinda mwalimu, nilikuwa nimeshaiuza bila ya kuombwa sana.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Nilimkuta uwani anachambua mbegu za mihogo, yaani vipande vya miti ya kupanda, anavipanga kwa urefu kama chaki. Alinikaribisha, akaniletea kiti. Sikukaa. Nilimwambia kwamba karatasi aliyowekewa mezani ilikuwa mwandiko wangu.

"Niliujua," akasema. "Nimesahihisha madaftari yako miaka mitatu."

Hakuonesha hasira. Nadhani kama ningeishia hapo angenisamehe palepale, akaniambia kila mtu ana mkubwa wake. Lakini nilikuwa nimekuja kutua mzigo wote. Nilimwambia nipo tayari kwenda Wete kusema ukweli, kwamba simu zile zilikuwa za mgonjwa.

Aliacha kupanga miti. Akaniuliza, "Ulikuwa ukisikiliza?"

Nilisema ndiyo.

"Mara ngapi?"

Nikasema sikuhesabu.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikaa chini juu ya kinu kilicholala, akafuta mikono kwenye kikoi chake. Aliponijibu hakunitazama.

"Orodha ile waisome watakavyo," alisema. "Ni nambari. Lakini weye umemsikia mke wangu akilia, na yeye hajui kwamba ulikuwapo. Hilo, mwanangu, sijui nikufanye nini nalo."

Akaniomba nimuahidi kwamba sitalisema popote. Alisema skuli ni kazi, na kazi mtu huondolewa akarejeshwa, lakini mwanamke akishaitwa mwendawazimu kijijini hakuna barua ya kumrejesha. Niliahidi. Nilitoka uwani kwake nikiwa mzito kuliko nilivyoingia.

Mkubwa wangu alirudi mwisho wa mwezi wa pili, amevaa miwani minene. Hakuuliza habari. Alifungua kabati, akalitoa daftari, akapitisha kidole kwenye mgongo wa jalada uliokuwa umevunjika kwa kulazwa wazi. Akafunua kurasa, akaona pembe zilizokunjwa. Akaniuliza nani amelisoma. Nilimwambia kila kitu, isipokuwa nililoahidi kulificha.

Nilitegemea anigombeze. Badala yake aliketi akaandika barua kwa makao makuu, akanisomea kabla ya kuitia sahihi. Aliandika kwamba daftari la wateja limesomwa na kunakiliwa mara sita bila barua ya hakimu. Alinitaja mie, na akajitaja yeye mwenyewe, kwamba aliondoka bila kukabidhi funguo kwa maandishi. Hakufanya hivyo kwa ushujaa, nadhani, ila alikuwa ameona kitabu chake kimechezewa. Nilimuuliza kama hatutafukuzwa sote wawili. Alisema huenda.

Baada ya wiki kadhaa akaja mkaguzi kutoka Unguja, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na lafudhi ya mjini. Alishuka kwenye gari la abiria la kutoka Wete, vumbi tupu, akaomba maji ya kunawa, akaanza kazi. Aliomba barua ya hakimu. Haikuwapo. Akauliza kama niliandika popote siku alizokuja yule mtu na kurasa alizozitaka. Sikuandika.

"Basi leo hakuna anayejua alichukua nini isipokuwa weye na yeye," akasema. "Kumpa lilikuwa kosa. Lakini kutoandika ndiko kunakonizuia mie nisimuulize chochote."

Akanipa karatasi, akanitaka niandike kila jina ninalolikumbuka. Niliandika hadi nikafika kwa mwalimu, kalamu ikasimama. Akaniuliza kuna nini. Nilimwambia kwamba huyu amepoteza kazi kwa ajili ya orodha ile, na kwamba simu zake zilikuwa za nyumbani tu.

"Umejuaje?"

Mkubwa wangu alikuwa amesimama dirishani, akageuka kunitazama kupitia miwani yake mipya. Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Nikiliandika hilo la kujua kwako litasomwa na watu wengi, nisiowajua. Unataka niliandike?"

"Hapana, Bi," nikasema.

Hakuliandika. Aliandika kwamba mtu ameathirika kutokana na orodha iliyotolewa kinyume cha kanuni, na kwamba jambo lake liangaliwe upya. Mpaka leo sijui kama liliangaliwa. Mie nilipewa onyo, na kuthibitishwa kwangu kulicheleweshwa miaka miwili. Mkubwa wangu alipewa onyo pia, akalihifadhi kwenye faili lake kwa tarehe.

Kilichobadilika ni kwamba tuliletewa daftari la pili, jembamba, kurasa zake zimepigwa nambari ili usiweze kuchana moja bila kujulikana. Kila anayetaka kusoma rekodi za simu alitakiwa aandike jina lake, afisi yake, nambari ya barua ya hakimu, na sababu. Mkaguzi alisema atakuja kulitazama kila baada ya miezi mitatu, na kwa muda alikuja kweli.

Yule mtu wa Wete alirudi. Mkubwa wangu alimkaribisha, akamsogezea daftari jembamba na kalamu. Mgeni akasoma vichwa vya safu, kalamu mkononi. Kisha akaiweka mezani, akasema atapita siku nyengine. Baada ya mwezi mmoja alileta barua ya kweli, yenye muhuri, kwa jina la mtu mmoja tu, kwa kesi ya wizi. Mkubwa wangu alimfungulia ukurasa, akaweka kipande cha kadi juu na chengine chini, ili mstari wa mtu huyo tu uonekane. Mgeni akacheka kidogo. Mkubwa wangu hakucheka. Nami nilisimama pale nikiona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi, kadi mbili na kalamu, nikatamani kuingia chini ya meza.

Mwalimu hakurejeshwa. Aliandika barua, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, akaandika tena, hakujibiwa. Alilima mihogo, na jioni watoto wa majirani walikuja barzani kwake na madaftari yao ya hesabu. Simu hakupiga tena. Alipotaka habari za mkewe alimpa ujumbe mtu anayesafiri, na mara mbili alikwenda mwenyewe. Mke alirudi mwaka uliofuata, amenenepa, mpole, anaongea kidogo. Kijijini walisema alikaa sana kwa dadake, wakaishia hapo. Mwalimu tukikutana njiani alinijibu salamu. Hakuniita mwanangu tena.

Afisi yetu ilifungwa zilipokuja mashine zisizohitaji mtu wa kuunganisha, kisha zikaja simu za mkononi. Sasa kila mtu Konde anayo yake, na mie ninayo. Hakuna anayekaa kwenye benchi kusubiri, na hakuna anayeniona nikiandika. Lakini najua kwamba mahali fulani inaandikwa, nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na wala sijui kabati hilo liko wapi na funguo yake imetundikwa wapi. Vijana nikiwaambia wananiuliza nina nini cha kuficha. Huwa siwajibu, kwa sababu jibu langu ni la mtu mwengine, na nilimuahidi.

Ahadi hiyo niliibeba mpaka mwalimu alipofariki. Nilikwenda hitimani siku ya tatu, nikakaa na wanawake ndani. Mkewe alikuwa kwenye mkeka, kajitanda kanga nyeupe. Nilipoinama kumpa mkono wa pole aliushika, hakuuachia, akanivuta nikae karibu yake. Aliniuliza kama ni mie niliyekuwa nikifanya kazi kwenye simu. Nikasema ndimi.

"Marehemu alinambia," akasema. "Zamani, niliporudi tu. Alinambia yote, hata kwamba ulinisikia."

Akanipigapiga mkono kama mtu anayemtuliza mtoto wa mwenziwe.

"Hakuniuliza," akasema. "Nilipokuwa naumwa aliogopa kuniuliza, na nilipopona ikawa imeshapita. Angeliniuliza ningelimwambia aseme tu. Kuumwa si kuiba. Kazi ile aliipenda kuliko miye nilivyoyaogopa maneno ya watu."

Wanaume nje walikuwa wameanza dua. Yeye akainua mikono, nami nikainua yangu, na nikaitikia amin pamoja na wengine hadi mwisho.